Mpangaji wa Kabati la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pua alikuwa na kazi tatu: kufagia sebule, kuchemsha chai na kunusa maziwa. Hii ya tatu hakupewa na mtu. Alizaliwa nayo. Alifungua chombo, akashusha uso, akavuta pumzi mara moja, kisha akasema, "Haya yanafaa," au, "Mwageni haya." Hakuna aliyembishia, maana hakuwahi kukosea. Ndiyo sababu jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa lilisahaulika, akabaki Pua nyumbani, Pua shuleni, na Pua hata kwa muuza duka.

Mtu mwenye pua ya namna hiyo anapata taabu ambazo wengine hawazijui. Darasani alihama dawati mara mbili kwa sababu ya soksi za watu. Tambara la kufutia meza likikaa siku mbili bila kufuliwa, alilinyanyua kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, uso ameugeuzia ukutani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na kinyaa cha watu wazima kumi.

Na katika nyumba hiyo hiyo, chumba cha nyuma, aliishi chatu.

Chatu alikuwa wa mjomba wake. Mjomba alikuwa mtunzaji wa nyoka katika bustani ya wanyama, na mwaka mmoja mayai ya chatu yalipoanguliwa, yai moja lilichelewa. Msimamizi alisema litupwe. Mjomba akaliweka mfukoni, akaomba kibali, akaja nalo nyumbani. Siku ya tatu kikatoka kitu chembamba kama penseli. Mjomba akakilaza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa matundu. Ndoo ikawa ndogo, akamhamishia kwenye sanduku la kioo. Sasa sanduku la kioo nalo limekuwa dogo: akijinyoosha, kichwa kinagonga huku na mkia unagonga kule.

"Huyu mpangaji gani?" Bibi aliuliza. Bibi alikuwa mfuma sweta, na mashine yake ya kufumia ilijaza nusu ya sebule. "Kila mwaka anadai chumba kikubwa zaidi, na kodi halipi."

Toka siku hiyo chatu akaitwa Mpangaji.

Hatimaye Bibi mwenyewe ndiye aliyetoa nyumba mpya. Alikuwa na kabati kubwa la nguo la zamani, la mbao nzito, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umeng'oka.

"Chukua," alimwambia Mjomba. "Lilitunza nguo zangu za harusi, sasa litunze hilo joka lako. Lakini siku litakapotoka humo, mimi ndiye nitakayeingia na kujifungia, maana nyumba nzima itakuwa yake."

Seremala wa mtaa akalilaza kabati ubavu, akang'oa milango, akaweka kioo cha kuteleza mbele na matundu ya hewa pembeni. Upande wa kushoto Mjomba akatandika mkeka mwembamba wa umeme, juu yake vigae viwili ili nyoka asiungue tumbo, na juu ya vigae akafunika boksi la mbao lenye mlango mdogo, liwe pango lake. Upande wa kulia akaweka beseni la maji. Kila upande kipimajoto kimoja. Chini, magazeti matupu.

Rangi ya vanishi haijakauka vizuri, ikaja barua.

Kulikuwa na maabara moja, mbali sana, iliyotengeneza dawa ya watu walioumwa na nyoka. Kila mwaka ilichukua watunzaji wachache kuwafundisha jinsi ya kukamua sumu. Mjomba alikuwa ameomba nafasi kwa miaka mitatu. Safari hii wamemwita. Siku arobaini.

"Siendi," alisema mezani, barua iko mbele yake kama sahani ambayo hataki kula. "Nani atamwangalia Mpangaji? Kabati ni jipya, sijui linashikaje joto."

"Wenzako wa bustanini je?" Bibi aliuliza.

"Wamejaa mpaka mlangoni."

"Basi mimi usinitazame," Bibi alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Nimelea watoto watano. Zamu yangu imekwisha."

Pua alimtazama mjomba wake. Ndiye aliyemfundisha kusoma saa na kuendesha baiskeli, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati siku alipovunjika kifundo. Alijua ile barua imesubiriwa vipi.

"Mimi nitamlea," alisema.

Mjomba alicheka. "Wewe? Wewe uliyetapika kwa sababu ya yai viza?"

"Lilikuwa limeoza!"

"Lilikuwa nyumba ya jirani, Pua. Ng'ambo ya barabara."

"Nitamlea, Mjomba. Neno langu."

Mjomba akaacha kucheka. Akaenda chumbani akarudi na daftari jipya lenye jalada gumu.

"Njoo nikuonyeshe," alisema.

Walichuchumaa mbele ya kabati. Mpangaji alikuwa amejizungusha ndani ya pango, kichwa kimechomoza mlangoni, ulimi ukitoka na kurudi.

"Nyoka hana moto wake mwilini kama mimi na wewe," Mjomba alieleza. "Akishakula, joto la nje ndilo linalompikia chakula tumboni. Likipungua, chakula kinaoza humo humo. Umenielewa? Kwenye sanduku dogo mkeka huu ulitosha. Kabati hili ni kubwa mara tatu. Huenda utatosha, huenda usitoshe, na mimi siwezi kubahatisha. Ndiyo maana nataka namba. Asubuhi na jioni, pande zote mbili. Huku kwenye pango nataka nyuzi thelathini na mbili. Ikishuka kidogo si neno. Ikishuka chini ya ishirini na nane, nipigie siku hiyo hiyo. Balbu ya joto ya akiba iko kwenye droo, nitakuelekeza namna ya kuifunga."

"Kipimajoto cha huku sikioni."

"Kiko ndani ya pango, juu ya kigae, pale anapolala. Unatelezesha kioo, unainua boksi taratibu, unasoma, unafunika. Hang'ati, ila usimshtue." Akamkabidhi daftari. "Na usafi. Akichafua, toa siku hiyo hiyo. Usingoje."

Siku nne za kwanza Pua alifanya kila kitu. Alibana pumzi mlangoni, akaingia, akainua boksi, akasoma, akaandika, akatoka mbio na kupumua kwenye korido kama aliyetoka chini ya maji. Nyuzi thelathini na moja. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini.

Siku ya tano, kabla hajafika mlangoni, alisimama. Harufu ilimjia ukumbini kama mtu aliyenyoosha mkono kumzuia.

Ndani ya kabati, juu ya magazeti, Mpangaji alikuwa amejisaidia. Si kidogo. Nyoka hukaa siku nyingi bila kujisaidia, na akijisaidia ni mzigo wa wiki mbili: rundo jeusi lenye unyevu, kando yake bonge jeupe kama chokaa iliyoloa, na majimaji ya njano yaliyosambaa mpaka kwenye kuta za pango. Na Mpangaji alikuwa amepita juu yake. Alama ya tumbo lake ilikatiza gazeti zima, ikaingia mlangoni mwa boksi, ikaishia ndani, pale pale kwenye kipimajoto.

Pua alisikia mate yamejaa mdomoni. Alitelezesha kioo upana wa kiganja. Harufu ikampiga usoni, kali, chungu, yenye kitu cha samaki na kitu cha mkojo wa paka. Alirudisha kioo, akakimbilia uani, akatapika chai ya asubuhi yote kwenye ua la Bibi.

"Nitasafisha jioni," alijiambia. Jioni akajiambia asubuhi. Akafungua dirisha la chumba ili harufu itoke, akaliacha wazi. Ilikuwa miezi ya baridi na manyunyu, lakini alichokitaka ni hewa.

Shuleni alimweleza rafiki yake, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu haikujulikana anazimwa wapi.

"Sasa si uandike tu," Redio alisema, anatafuna andazi. "Mara ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Thelathini."

"Na kabla yake?"

"Thelathini na moja."

"Basi na leo ni thelathini na moja. Kwani mkeka umehama? Andika thelathini na mbili kabisa, mjomba wako afurahi. Nani ataenda kumhoji nyoka?"

Pua alicheka ingawa hakutaka kucheka. Jioni ile alisimama mlangoni, kitambaa puani, akaandika bila kuingia: thelathini na mbili. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa siku zote. Kesho yake akaandika tena, na kesho kutwa. Siku moja aliandika za siku tatu mbele, ili apumzike.

Siku ya nane ilikuwa siku ya kumlisha. Panya walinunuliwa wakiwa wameshakufa na kugandishwa, wakakaa kwenye friza ndani ya kopo lililoandikwa na Bibi kwa herufi kubwa: SI NYAMA YA MTU HUMU. Pua alimyeyusha panya kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Manyoya yalilowana yakashikana, mkia ukaelea, na maji yakatoa harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Alimkamata kwa koleo refu, akamwingiza kupitia ufa wa kioo, akafumba macho. Alisikia tu kishindo. Alipofumbua, Mpangaji alikuwa ameshamkaba. Taya likafunguka polepole kama mkoba, na panya akaanza kuingia kichwa kwanza, ute ukimpaka masikio.

"Kwa nini viumbe vinakula hadharani?" Pua alilalamika. Lakini aliandika kwa furaha kidogo: Amekula. Hiyo angalau ilikuwa kweli.

Magazeti hakuyabadilisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Siku ya kumi na moja, saa saba mchana, alirudi kutoka shule akaisikia harufu akiwa bado getini.

Pua alikuwa amenusa mambo mengi katika maisha yake: mayai, mifereji, friji la shule baada ya umeme kukatika wiki nzima ya likizo. Hakuwahi kunusa kitu kama hiki. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, na ilishika kooni kama mafuta. Mpangaji alikuwa amemtapika panya. Panya alilala pale kwenye magazeti machafu, ila hakuwa panya tena. Alikuwa amerefuka, amekuwa wa kijivu, ngozi imemomonyoka mbavuni, na ute mzito umemfunika kama uji uliochacha.

Bibi alikuwa ameenda kupeleka sweta kwa mteja. Pua alivaa mifuko miwili ya plastiki mikononi, akajifunga kanga puani, akalia huku akifanya. Aliufunga mzoga ndani ya mifuko mitatu, akaupeleka kwenye pipa la taka la mwisho wa barabara, akanawa mikono mpaka ikawa myekundu. Kisha akakaa na daftari. Kalamu ilisimama juu ya karatasi muda mrefu.

Aliandika: Nyuzi 32. Anaendelea vizuri.

Jumapili Mjomba alipiga simu, kama kila Jumapili.

"Nisomee, mpwa wangu."

Pua alimsomea. Thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na mbili.

"Na chakula?"

"Alikula siku ya nane."

"Kikakaa?"

Simu ilikuwa na mikwaruzo. Pua aliitumia mikwaruzo ile. "Ndiyo," alisema.

"Unajua nini? Nilidhani utanipigia siku ya pili unalia. Nimewaambia wenzangu hapa, nina mpwa ana kinyaa cha kuogopa hata vumbi, na bado analea chatu. Hongera sana."

Pua alirudisha simu kwa Bibi, akaenda kulala bila kula. Hakuwa na njaa. Ile sifa ilimkaa tumboni kama panya kwenye tumbo la baridi.

Siku ya kumi na tano Bibi alisimamisha mashine yake. "Nani anapiga mluzi huko nyuma?"

Wakaenda wote wawili. Mpangaji alikuwa ameinua kichwa, ameegemea kioo, mdomo uko wazi kidogo. Kila akivuta pumzi, mluzi mwembamba ulitoka, na povu lenye viputo vidogo likatokeza puani, likapasuka, likatokeza tena. Kamasi lilining'inia kwenye taya.

"Huyu ni mgonjwa," Bibi alisema. Kisha akaangalia magazeti, akaangalia dirisha, akamwangalia mjukuu wake. Alichukua simu, akampigia daktari wa wanyama aliyeandikwa nyuma ya jalada la daftari kwa mkono wa Mjomba.

Daktari alikuja kabla ya chai ya jioni. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya mpira na mkoba mzito, na kitu cha kwanza alichofanya chumbani ni kukunja uso.

"Shikamoo," Pua alisema.

"Marahaba. Humu mna harufu! Kuna aliyekufa?"

"Bado," Bibi alisema. "Ndiyo maana tumekuita."

Daktari alimshika Mpangaji kwa mikono miwili, akamfungua mdomo kwa kijiti, akachota ute, akamwekea chombo cha kusikilizia mbavuni. Chatu, ambaye siku zote alijivingirisha mkononi mwa mtu kwa nguvu, alining'inia tu kama mpira wa kumwagilia maua usio na maji.

"Amekonda. Ametapika?"

Macho ya Pua yalikuwa sakafuni.

"Nipe daftari," daktari alisema.

Alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti ndogo. "Thelathini na mbili... thelathini na mbili... Kazi safi hii." Akafunga daftari, na uso wake ukabadilika.

"Mama, sikiliza," alimwambia Bibi. "Mara nyingi chatu akipiga mluzi hivi, ni baridi. Ukimpa joto na sindano, anapona. Lakini huyu hajapata baridi hata siku moja, daftari linasema, hata kama dirisha liko wazi. Basi naogopa. Kuna ugonjwa wa chatu, unaambukiza na hauna dawa. Unaanza hivi hivi. Kama ni huo, jambo la huruma ni kumchoma sindano alale asiamke. Leo, kabla hajateseka zaidi. Na inabidi mwenye nyoka arudi mara moja, maana kama aliutoa bustanini, nyoka wote wa kule wamo hatarini."

"Atakatisha masomo?" Bibi aliuliza.

"Hana budi. Nipe namba yake."

Bibi akaanza kutafuta simu ndani ya kikapu cha uzi. Daktari akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo na bomba la sindano, akaviweka juu ya droo, droo ile ile yenye balbu ya akiba.

Pua alikitazama kichupa. Akamtazama Mpangaji, kichwa chake kimelala juu ya mkono wa daktari, povu likitoka na kupasuka. Alikumbuka yai lililokuwa litupwe. Alisikia sauti ya Redio kichwani: nani ataenda kumhoji nyoka? Hakuna. Nyoka asingesema lolote. Angekufa kimya, Mjomba angerudi kabla ya wakati, na daftari lenye mwandiko mzuri lingekaa kwenye rafu kama shahidi mwema. Hakuna mtu duniani angejua.

Alisikia kichefuchefu. Safari hii hakikutoka kwenye kabati.

"Sikupima," alisema.

Daktari aligeuka. "Umesemaje?"

"Sikupima. Siku nne za mwanzo tu ndizo za kweli. Zilikuwa thelathini, thelathini na moja. Nyingine nimebuni." Maneno sasa yalitoka yenyewe kama maji ya bomba lililopasuka. "Alichafua nikashindwa kusafisha. Nilisikia kinyaa. Nikafungua dirisha harufu itoke, sijalifunga siku kumi. Alimtapika panya, nikamtupa pipa la barabarani, nikaandika yuko vizuri. Nikamdanganya Mjomba kwenye simu. Usimuue, Daktari. Siyo ugonjwa huo. Ni mimi."

Mluzi mwembamba wa Mpangaji ndio uliosikika peke yake.

Daktari hakumkaripia. Alimkabidhi Bibi chatu, na Bibi, kwa mshtuko, akampokea kabla hajakumbuka kwamba hamgusi. Kisha daktari akatelezesha kioo, akainua boksi, akatoa kipimajoto kilichogandwa na uchafu, akakifuta kwa kidole gumba na kukisoma.

"Ishirini na tatu," alisema. "Na huu ni upande wa joto."

Akakirudisha kichupa kidogo ndani ya mkoba. Akatoa kingine. "Hii ndiyo dawa ya mapafu. Sindano moja kila siku ya tatu, nitakuja mwenyewe. Sina hakika atapona, sitaki kukudanganya. Lakini sasa najua ninatibu nini."

"Jamani, mchukueni," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Anateleza. Na mimi nimesimama muda mrefu."

Hakukuwa na mtu wa kumsafishia Pua. Daktari alimpa glavu na dawa ya kuua viini, Bibi akamletea ndoo, nao wakakaa mlangoni kumtazama, chatu mapajani mwa daktari. Alitoa magazeti yaliyoshikana na mbao, akakwangua chokaa ile nyeupe kwa mwiko wa plastiki, akasugua vigae. Alitapika mara moja kwenye ndoo, akafuta mdomo, akaendelea. Baada ya nusu saa aliinua uso, akashangaa.

"Harufu imekwisha," alisema.

"Bila shaka imekwisha," daktari alijibu. "Umeitoa. Dirisha halitoi uchafu, dirisha linaleta baridi tu. Ungesafisha siku ile ya tano ingekuchukua dakika kumi."

Wakafunga dirisha. Seremala aliitwa akakata ubao wa kugawa kabati katikati kwa muda, kwa sababu chatu mgonjwa anahitaji joto zaidi na nyumba ndogo hupata moto upesi, na akaziba nusu ya matundu ya hewa. Balbu ya akiba ikafungwa juu, ndani ya kizimba cha waya ili Mpangaji asiiguse akaungua. Jioni Pua aliinua boksi: ishirini na saba. Asubuhi: thelathini na moja.

Usiku huo huo wa kwanza Pua mwenyewe alikuwa amempigia Mjomba. Alimweleza yote, hadi pipa la barabarani.

"Nirudi?" Mjomba aliuliza.

"Daktari anasema si lazima. Mimi ndiye... Mjomba, sijui kama utaniamini."

"Kwa sasa sikuamini," Mjomba alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo ambalo lilimuuma Pua zaidi. "Nisomee namba kila jioni. Na Bibi awe anaangalia."

Basi kila jioni Bibi aliacha mashine, akavaa miwani, akaenda chumba cha nyuma kuhakikisha. Pua alisoma, Bibi akatikisa kichwa kukubali, akaandika herufi ya jina lake pembeni. Shuleni, Redio aliposikia alifunga mdomo kipindi kizima, jambo lililomshangaza mwalimu. "Nilikuwa natania tu," alisema baadaye. "Najua," Pua alijibu. "Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Wiki moja ikapita, mluzi ukapungua. Wiki ya pili povu likakauka. Daktari alikataza chakula mpaka tumbo lipumzike, kisha akaruhusu panya mmoja mdogo. Mpangaji akamla. Siku ya kwanza chakula kikakaa. Siku ya pili kikakaa. Pua alikuwa akiamka na kukimbilia kabatini kabla ya kunusa maziwa.

Siku ya thelathini, alisimama ukumbini. Alivuta pumzi mara moja. Kisha akapiga kelele ambayo jirani wa ng'ambo aliisikia:

"Bibi! Bibi, amejisaidia!"

"Alhamdulillahi," Bibi alijibu kutoka kwenye mashine. "Nimeishi miaka sabini nisikie mtu akishangilia jambo hilo."

Mjomba alirudi siku ya arobaini, mkoba begani, ndevu zimeota. Alimsalimia mama yake, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Mpangaji alikuwa amejinyoosha ubavuni mwa kioo, ngozi inang'aa, maana alikuwa amejivua gamba siku mbili zilizopita. Mjomba akakaa sakafuni na daftari, Pua akasimama mlangoni.

Kurasa zile za uongo zilikuwepo zote. Kila namba ilikatwa mstari mmoja wa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa: Sikupima. Baada yake namba zilikuwa mbaya mbaya, zimepanda na kushuka, zimedondokewa maji, na kati yake kulikuwa na sentensi fupi. "Leo 29. Nimesikia kinyaa. Nimesafisha." "Leo 31. Nimetapika, yeye hajatapika."

"Kwa nini hukuzichana hizi?" Mjomba aliuliza.

"Daktari alisema zikae. Ili mtu akisoma ajue ni siku zipi Mpangaji aliishi bila mtu wa kumwangalia."

Mjomba akafunga daftari, akapiga sakafu kando yake. Pua akaja akaketi.

"Kinyaa si kosa, mpwa wangu," alisema. "Mimi nina miaka kumi na minne katika kazi hii, na bado nageuza uso. Ungeniambia umeshindwa, ningekucheka kidogo, kisha ningetafuta njia, hata seremala angekuja kukusaidia. Kazi chafu inaweza kugawanywa. Lakini ulipoandika namba ambayo hukuiona, kuna mtu aliiamini. Daktari ni mtu mwema na anajua kazi yake, na kwa kukuamini wewe alikaribia kumuua mgonjwa anayeweza kupona. Kumbuka hilo siku zote. Ukiandika kitu, kuna mwingine atakitegemea kufanya jambo, na wewe hutakuwepo kumwambia kwamba ulikuwa unabuni."

"Nitakumbuka, Mjomba."

"Na kuna jambo moja zaidi. Ulisema kweli wakati ambapo kunyamaza kulikuwa rahisi. Bibi yako ameniambia." Akamrudishia daftari. "Leo jioni soma namba mwenyewe. Bibi apumzike."

Pua alilipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema asante, lakini akainua kichwa, akavuta pumzi moja fupi.

"Nini?" Mjomba aliuliza.

"Anajisaidia."

Mjomba alinusa kushoto, akanusa kulia. "Mimi sisikii kitu."

"Utasikia," Pua alisema, uso umeshakunjamana kama limau lililokamuliwa. Akasimama, akachukua glavu na ndoo, akatelezesha kioo mpaka mwisho. "Kaa tu, umetoka safari. Lakini kesho, Mjomba, ni zamu yako."